Askari wa ubongo waliodhaniwa wamelala (Sehemu ya 4)

Leo naanza na historia. Mwanao kaanguka kitandani, kagonga kichwa, kalia, kanyamaza. Wewe unaona yameisha. Ila kama ubongo umeumia, huko ndani kazi ndo kwanza inaanza.

Mwaka 1919, Madrid, Hispania, daktari Pío del Río Hortega alitia rangi ya kaboneti ya fedha kwenye vipande vyembamba vya ubongo, akavitazama kwa hadubini. Akaona seli ndogo zenye matawi mengi, akaziita maikroglia. Akasema hizi si seli za neva, zile zinazopeleka taarifa. Hizi, ubongo ukiumia, hubadilika umbo, husogea kwenye jeraha na kumeza mabaki ya seli zilizokufa.

Hakupata raha. Mkubwa wake, Santiago Ramón y Cajal, mshindi wa Nobel ya 1906, hakukubaliana naye, na mwaka 1920 Hortega akaondolewa maabara. Baadaye vita vikamtoa Hispania, akafia Buenos Aires mwaka 1945.

Kwa miaka mingi wataalamu walitazama ubongo uliokwisha kufa. Maikroglia ambayo haijakutana na jeraha wakaiita "iliyopumzika". Mwaka 2005, timu mbili, ya Ujerumani na ya Marekani, zikachungulia ubongo wa panya hai kupitia fuvu lililokwanguliwa likawa jembamba. Kumbe hakuna aliyelala! Matawi yalipapasa huku na huku muda wote, kama askari wa zamu. Walipojeruhi sehemu ndogo kwa leza, ndani ya dakika chache matawi yakalizunguka jeraha kama uzio.

Ila askari huyohuyo akikaa na hasira muda mrefu, kemikali anazomwaga zinaweza kuumiza hata seli za neva zilizosalimika.

Kwa hiyo jeraha la ubongo ni mambo ya masaa na siku, si ya ile dakika ya kuanguka tu. Hata damu ikivuja ndani, dalili zinaweza kuchelewa. Mwangalie mtoto. Akitapika mara kwa mara, akapata degedege, akazimia, akatoka damu au maji puani au masikioni, au akilala haamshiki kama kawaida yake, usisubiri asubuhi. Mlete hospitali.

Mtumie na mama mwenzio. Baba pia asome.