Seva ya Faili Nyuma ya Ruta: Chimbuko la Tatizo la Wanaoanza

Anayeanza kujifunza masuala ya mitandao, akishasimika seva ya faili katika kompyuta ya nyumbani au ya ofisi ndogo, hukutana mapema na tatizo lenye sura ileile: kompyuta zilizo ndani ya jengo huifikia seva hiyo bila shida, ilhali mtu aliye nje ama haipati kabisa, ama huingiza jina na nywila, akakubaliwa, kisha orodha ya faili isitokee. Kosa hutafutwa katika mipangilio ya mashine, na mara nyingi hupatikana humo. Hata hivyo mizizi yake ni ya kihistoria, kwa kuwa itifaki ya kuhamisha faili, yaani kanuni ambazo mashine mbili hufuata ili zielewane, ilibuniwa wakati kila kompyuta ya mtandaoni ilikuwa na anwani yake yenyewe iliyofikika kutoka kokote, na ruta ya nyumbani ikaja baadaye ikiwa na dhana iliyo kinyume kabisa.

Ruta ni kifaa kinachopokea pakiti, ambazo ni vipande vidogo vya data vyenye anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, na kuamua kila pakiti ielekezwe upande gani. Mzazi wake ni mashine iliyoitwa IMP, iliyotengenezwa na kampuni ya BBN ya Cambridge, Massachusetts, kwa kutumia kompyuta ya Honeywell DDP-516, chini ya mkataba wa wakala wa utafiti wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani uliojulikana kama ARPA. Ya kwanza ilifikishwa katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwishoni mwa Agosti 1969, na tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo kompyuta ya chuo hicho ikajaribu kuingia katika ile ya taasisi ya utafiti ya Stanford. Herufi mbili tu zilipita kabla ya mfumo kuanguka. Kufikia mwisho wa mwaka vituo vilikuwa vinne. Mtandao huo, ARPANET, ulihamia katika itifaki za TCP/IP tarehe 1 Januari 1983, na kampuni ya Cisco, iliyoanzishwa mwaka 1984 na watu wawili waliotoka Stanford, ikawa miongoni mwa zilizoigeuza ruta kuwa bidhaa ya sokoni. Katika hatua zote hizo jambo moja halikubadilika: mashine ya njiani ilipitisha pakiti bila kuzigusa anwani za mtumaji na mpokeaji.

Ndani ya mazingira hayo ndipo ilipozaliwa FTP, itifaki ya kuhamisha faili. Rasimu yake ya kwanza iliandikwa Aprili 1971 na Abhay Bhushan, mhandisi kutoka India aliyesoma Kanpur kabla ya kwenda MIT, naye alikabiliwa na tatizo ambalo mtumiaji wa leo hawezi kulihisi kwa urahisi, kwamba kompyuta za wakati huo hazikukubaliana hata juu ya ukubwa wa neno la data. PDP-10 ilihesabu kwa biti 36, mashine kubwa za IBM kwa 32, na IBM ilikuwa na mfumo wake wa kuwakilisha herufi, EBCDIC, tofauti na ASCII iliyotumiwa na wengine. Kwa sababu hiyo itifaki iliweka namna kadhaa za kutuma, mojawapo ya maandishi, ambayo hubadilisha herufi na alama za mwisho wa mstari, na nyingine ya kupeleka biti kama zilivyo. Picha inayoharibika kwa kutumwa kama maandishi ni mabaki ya enzi hiyo.

Uamuzi mzito zaidi ulikuwa ule wa kutenganisha mazungumzo na mzigo. Katika maelezo ya Julai 1972 tayari kulikuwa na muunganisho mmoja wa amri na mwingine wa data, na toleo la Oktoba 1985, lililoandikwa na Jon Postel na Joyce Reynolds na ambalo bado ndilo msingi, lilidumisha mpango huo. Mteja, yaani kompyuta inayoomba huduma, hufungua mlango namba 21 wa seva, mlango ukiwa ni namba inayotofautisha huduma moja na nyingine ndani ya kompyuta moja. Seva hujibu 220 kuonyesha kwamba iko tayari, hutoa 331 ikidai nywila, na 230 ikisharidhika. Faili inapotakiwa, mteja hutuma amri ya PORT ikifuatwa na namba sita: nne za mwanzo ni anwani yake, na mbili za mwisho ni mlango anaosubiria, ambao hupatikana kwa kuzidisha namba ya tano kwa 256 na kuongeza ya sita, hivi kwamba 19 na 137 humaanisha mlango 5001. Seva ndiyo humfuata mteja hapo, ikitokea mlango wake namba 20. Katika mtandao wa vyuo na maabara zilizofahamiana, seva kumrudia mteja halikuwa jambo la kutiliwa shaka.

Mpango huo ulifanya kazi vizuri kwa zaidi ya miaka ishirini, na ukazaa desturi ya seva za wazi ambazo mtu yeyote aliingia kwa jina la "anonymous" na, kwa adabu, akaandika anwani yake ya barua pepe mahali pa nywila. Linux yenyewe ilitolewa kwa umma kwa njia hiyo mwaka 1991, kupitia seva ya mtandao wa vyuo vya Finland.

Kilichovuruga mambo ni uhaba wa anwani. Anwani ya IP ya toleo la nne ina biti 32, hivyo zote kwa jumla hazizidi bilioni 4.3, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu waliona kwamba hazitatosha. Mei 1994 Kjeld Egevang na Paul Francis walichapisha maelezo ya NAT, utaratibu wa kutafsiri anwani, na mafungu ya anwani za faragha, likiwamo lile la 192.168 ambalo wenye ruta za nyumbani wanalifahamu sana, yakathibitishwa katika waraka wa Februari 1996. Ruta ya namna hii hufanya kazi kama sanduku la posta la shule ya bweni: wanafunzi wote hutumia S.L.P. moja, na barua isiyotaja jina la mwanafunzi huishia ofisini. Pakiti inayotoka huandikwa upya ili ionekane imetumwa na ruta yenyewe, ruta hukumbuka ilitoka kwa nani, na jibu likirudi hupelekwa kwake; pakiti inayokuja bila kuitwa haina mwenyewe, nayo hutupwa. Dawa hii ilikusudiwa kuwa ya muda, lakini imezoeleka mno, kwani tarehe 3 Februari 2011 mafungu matano ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa kwa masajili matano ya kanda, moja likienda AFRINIC, yenye makao yake Mauritius, inayohudumia Afrika nzima, Afrika Mashariki ikiwamo.

Mgongano na FTP haukuepukika. Mteja aliye nyuma ya ruta hutangaza kwa amri ya PORT kwamba afuatwe katika 192.168.1.10, anwani ambayo nje ya nyumba yake haina maana yoyote, na ruta, inayobadilisha anwani za juu ya pakiti, haiangalii kilichoandikwa ndani yake. Mazungumzo ya mlango 21 huendelea vyema huku data ikishindwa kupita, na kosa namba 425 hutokea. Suluhisho lilipatikana ndani ya itifaki yenyewe: amri ya PASV, ambayo huiagiza seva isubiri ili mteja ndiye aifuate, ilihitajika tangu zamani mtu alipotaka kuhamisha faili kati ya seva mbili zilizo mbali naye, na Februari 1994 Steven Bellovin alipendekeza itumiwe kila wakati kwa ajili ya watu walio nyuma ya ngome za usalama. Ni nadra kwa amri ya pembeni kuokoa itifaki nzima.

Hata hivyo PASV huhamishia mzigo upande wa seva, na hapo ndipo anayeanza hukwama. Akiwa ameiagiza ruta ipeleke mlango 21 kwenye kompyuta yake, bado seva hujibu 227 pamoja na anwani yake ya faragha na mlango usiojulikana na ruta. Hulazimika basi kuitajia seva anwani ya nje, kuiwekea fungu dogo la milango ya data, na kulifungua fungu hilo lote katika ruta. Akijaribu anwani hiyo ya nje akiwa ndani ya nyumba huenda asifanikiwe, kwa kuwa ruta nyingi hazirudishi ndani pakiti iliyotokea humohumo, na jaribio la haki hufanywa kutoka mtandao mwingine. Mahali ambapo mtoa huduma mwenyewe amewaweka wateja wengi chini ya anwani moja, jambo la kawaida katika intaneti ya simu, ruta ya nyumbani haina tena mlango wa nje wa kufungua, na juhudi zote hizo hazimfai kitu.

Watengenezaji walijaribu kuifundisha ruta kuchungulia mazungumzo ya mlango 21 na kusahihisha namba hizo sita, na kwa muda ilifaa, mpaka usimbaji fiche wa TLS ulipowekewa kanuni kwa ajili ya FTP mwaka 2005. Tangu hapo kilichofichwa kwa wezi kilifichwa pia kwa ruta iliyotaka kusaidia. Njia safi zaidi ilitoka Finland, ambako Tatu Ylönen, baada ya nywila kunaswa katika mtandao wa chuo chake, alitengeneza SSH, itifaki ya kuingia katika kompyuta ya mbali kwa mazungumzo yaliyosimbwa, mwaka 1995 na kuiombea mlango namba 22, uliokuwa wazi kati ya FTP na telnet, itifaki ya zamani ya kazi hiyohiyo. SFTP, itifaki ya faili iliyojengwa juu ya SSH, hupitisha amri na data katika muunganisho mmoja uliosimbwa, kwa hiyo ruta huhitaji kufunguliwa mlango mmoja tu. FTP yenyewe ikazidi kusukumwa pembeni: mwaka 2021 vivinjari vya Firefox na Chrome viliondoa kabisa uwezo wa kufungua seva zake.