Rais mpenda mpira na uwanja uliojaa wakimbizi

Mei 2015 Uwanja wa Lake Tanganyika mjini Kigoma ulijaa watu, lakini mechi haikuwapo. Waliojaa walikuwa Warundi, familia nzima nzima na mabunda yao, wakisubiri mabasi ya kuwapeleka kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Walitoka Kagunga, kijiji cha mpakani kilichobanwa kati ya milima na ziwa. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba watu wapatao 50,000 walikuwa wamerundikana katika ufukwe ule mdogo. Kipindupindu kilizuka na kuua zaidi ya watu 30. MV Liemba, meli ya enzi za Mjerumani ambayo kila mtu wa ziwa hili anaijua kwa mlio wake, ilikwenda na kurudi ikibeba watu mamia kwa mamia.

Kwa mtu wa Kibirizi, hapa Kigoma, Kagunga si jina la kusikia kwenye taarifa ya habari. Boti za mbao zinazong'oa nanga pale mwaloni huelekea huko huko kaskazini, zikipita Gombe na Mwamgongo, zikiwa na abiria, sabuni, mafuta ya taa na magunia. Kwa hiyo habari za Burundi hufika Kibirizi kabla hazijafika Dar es Salaam, na hufika zikiwa na sura za watu.

Chanzo cha yote kinajulikana. Tarehe 25 Aprili 2015 chama tawala cha CNDD-FDD kilimteua Pierre Nkurunziza kugombea urais kwa muhula wa tatu. Bujumbura ikaingia mitaani. Tarehe 13 Mei, Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa marais wa Afrika Mashariki, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza kumpindua. Mapinduzi yakashindwa, na watu wakazidi kukimbia.

Jambo ambalo halikuandikwa sana wakati ule ni kwamba huyu aliyeujaza uwanja wetu kwa wakimbizi hakuwa mtu wa kusukumwa kwenda mpirani na wapambe. Alikuwa mwanamichezo kweli. Alisomea elimu ya viungo Chuo Kikuu cha Burundi, akafundisha, akawa kocha wa timu za Muzinga na Union Sporting kabla vita havijamwingiza msituni mwaka 1995. Alipoingia Ikulu mwaka 2005, aliingia na viatu vyake vya mpira. Alikuwa na timu yake, Hallelujah FC, na kwaya yake, na vyote viwili alizunguka navyo mikoani. Alijenga viwanja vingi kuliko rais yeyote aliyemtangulia, sehemu kubwa kwa kazi za pamoja za wananchi. Ngozi, kwao, kukawa na Le Messager FC, timu aliyoianzisha yeye.

Shabiki wa kawaida angeomba nini zaidi? Sisi Afrika Mashariki tumezoea mawaziri wa michezo wasiojua kuotea ni nini. Hapa palikuwa na rais anayejua kupiga pasi.

Tazama lakini ligi yenyewe. Mwaka 2018 ubingwa wa Burundi ulikwenda Le Messager Ngozi, timu ya rais. Mwaka 2019 ulikwenda Aigle Noir ya Makamba, eneo linalopakana na sisi, timu ya Révérien Ndikuriyo. Ndikuriyo wakati huo alikuwa Spika wa Seneti na papo hapo rais wa shirikisho la mpira la nchi. Sisemi kwamba waamuzi walinunuliwa. Sina ushahidi huo, na Aigle Noir haikuwa timu ya kubeza. Nasema tu kwamba mchezaji wa timu pinzani, akinyimwa penalti dakika ya mwisho, barua yake ya malalamiko ingefika mezani kwa mwenye timu iliyomfunga.

Na bado Machi 2019 Burundi ilitoka sare ya 1-1 na Gabon pale Bujumbura na kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake. Furaha ile ilikuwa ya kweli. Mrundi aliye kambini Nyarugusu kwa sababu ya serikali ile, je, alipaswa kuikataa furaha hiyo? Nadhani hapana. Saidi Berahino na wenzake wa timu ya taifa hawakuwa wamemteua mtu kugombea muhula wa tatu.

Turudi kwenye nyasi za Kigoma. Tarehe 25 Julai 2021 uwanja ule ule ulijaa tena, safari hii kwa jezi nyekundu na za njano na kijani. Ilikuwa fainali ya Kombe la Shirikisho, Simba na Yanga, watani wa Kariakoo walioletwa hadi mwisho wa reli. Mukoko Tonombe wa Yanga alitolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na kichwa cha Mganda Taddeo Lwanga kikaipa Simba kombe, 1-0. Mwanasiasa mkubwa kuliko wote aliyetoka Kigoma katika kizazi hiki, Zitto Kabwe, ni Simba na hajawahi kuficha. Alikuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa miaka 10, kisha akawa mbunge wa Kigoma Mjini kuanzia 2015, kiti pekee cha jimbo ambacho ACT-Wazalendo ilipata nchi nzima mwaka huo, na mwaka 2020 akakipoteza. Ukisema alishinda au alishindwa kwa sababu ya Simba, hata wale wa banda umiza watakucheka. Mapenzi ya namna hiyo ni ya mtu binafsi, kama ya muuza dagaa au mwalimu. Yanafaa kwa utani, na utani wenyewe ni nusu ya ladha ya mpira wetu.

(Uwanja wa Kigoma wenyewe umebaki na jina la ziwa. Tabora una Ali Hassan Mwinyi, Mbeya Sokoine, Shinyanga Kambarage, Dar es Salaam Benjamin Mkapa. Sijui kama tulisahauliwa au tuliheshimiwa, ila jina ni zuri na liachwe hivyo hivyo.)

Siasa na mpira wa Tanzania, tukisema kweli, vimelala kitanda kimoja tangu mwanzo. Yanga ilizaliwa 1935 na Simba 1936, miaka karibu 20 kabla ya TANU. Kwa Waafrika wa mjini, klabu zilikuwa miongoni mwa mahali pachache walipoweza kukutana, kuchanga fedha na kuchagua viongozi wao wenyewe bila mkoloni kusimamia. Baada ya uhuru, Abeid Amani Karume anatajwa katika historia ya pande zote mbili: Yanga wanamkumbuka kwa jengo lao la Jangwani, na Simba wanamtaja katika kisa cha Sunderland kuacha jina la Kiingereza na kuitwa Simba mwaka 1971. George Mkuchika alikuwa Katibu Mkuu wa Yanga, miaka mingi baadaye akawa waziri mwenye dhamana ya michezo. Ismail Aden Rage aliiongoza Simba kuanzia 2010 huku akiwa mbunge wa Tabora Mjini. Yusuf Manji alikuwa mwenyekiti wa Yanga na diwani wa Mbagala Kuu kwa wakati mmoja. Mohammed Dewji alikaa bungeni miaka 10 akiwakilisha Singida Mjini kabla ya kuja na Sh20 bilioni zake za asilimia 49 ya Simba. Murtaza Mangungu, aliyechaguliwa mwenyekiti wa Simba mwaka 2021, aliwahi kuwa mbunge wa Kilwa Kaskazini. Jakaya Kikwete alijulikana kuwa Yanga, lakini fedha za serikali yake zilimlipa Mbrazili Márcio Máximo aifundishe Taifa Stars, timu ya wote.

Orodha hiyo inaweza kuendelea hadi jioni. Ukiipitia unaona mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kuna mtu anayependa timu, na kuna mtu mwenye mkono unaofika kwenye saa ya mechi, kwenye kamati ya rufaa na kwenye fedha za umma. Mara nyingine ni mtu yule yule. Shabiki wetu humkagua kwenye lile la kwanza, “huyu wa kwetu au wa kwao?”, na la pili hulipita.

Mfano wa la pili tunao, na uliwauma mashabiki mifukoni. Tarehe 8 Mei 2021 Simba na Yanga walipaswa kucheza saa 11 jioni. Siku hiyo hiyo shirikisho la mpira, TFF, lilitangaza kwamba mchezo umesogezwa hadi saa 1 usiku, kwa maelekezo yaliyotoka wizarani. Yanga walifika kwa saa ya awali, wakasema kanuni inadai taarifa ya mapema zaidi, wakaondoka. Simba wakaja kwa saa mpya, hawakumkuta mpinzani. Maelfu waliolipa walirudi nyumbani bila kuona hata mpira mmoja ukipigwa. Mtu wa Kigoma aliyekuwa amepanda gari moshi, zaidi ya kilomita 1,200, kwa ajili ya jioni ile hakuhitaji kujua waziri anashabikia nani. Maumivu yalikuwa yale yale, awe Simba au Yanga.

Upande wa neema pia una mkono. Februari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alianza kutoa Sh5 milioni kwa kila bao la Simba na Yanga katika mashindano ya Afrika, na dau likapanda kadiri timu zilivyosonga mbele. “Goli la Mama” likawa msemo wa nchi nzima. Yanga walipofika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika dhidi ya USM Alger, alitoa ndege ya kuwapeleka Algiers. Walishinda kule 1-0, wakakosa kombe kwa sababu ya mabao 2-1 waliyofungwa Dar es Salaam. Nilifurahi kama wengine, na sioni aibu. Alitoa kwa timu zote mbili bila kubagua, hilo ni la kusifiwa. Ila tangu hapo mtangazaji hamalizi kusimulia bao bila kutaja jina la kiongozi wa nchi, na hilo ni tangazo ambalo bei yake kwenye redio ingekuwa kubwa sana.

Kibirizi ina jirani mwingine. Ng'ambo ya maji ni Kalemie, na ukishuka kusini ndani ya Kongo utafika Lubumbashi, wanakoongea Kiswahili na kuishi kwa mpira. Moïse Katumbi ni rais wa TP Mazembe tangu 1997, na kuanzia 2007 hadi 2015 alikuwa pia gavana wa Katanga. Mazembe walichukua ubingwa wa Afrika 2009, 2010 na 2015, na Desemba 2010 wakawa klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya dunia ya vilabu, wakafungwa 3-0 na Inter. Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu walikomaa pale, kwa hiyo kila Mtanzania anadaiwa na Katumbi kiasi fulani. Septemba 2015 Katumbi aliachana na chama cha Joseph Kabila. Mwaka uliofuata alikuwa nje ya nchi, amehukumiwa kifungo bila kuwepo mahakamani, na alirudi Mei 2019. Katika miaka hiyo ya uhamishoni, Mazembe walitwaa Kombe la Shirikisho la Afrika mara mbili, 2016 na 2017. Baadaye watani wao Saint Eloi Lupopo wakampata rais wao: Jacques Kyabula, wakati huo gavana wa Haut-Katanga. Dabi ya Lubumbashi ikawa inachezwa na vijana 22, na nyuma yao wamesimama wanasiasa wawili wa kambi zinazoshindana. Aliyekwenda uwanjani pale na kudai siasa haimhusu alijidanganya.

Tukirudi Burundi, kuna mechi moja inayoonyesha tofauti ya mapenzi na mkono kuliko maelezo yangu yote. Tarehe 3 Februari 2018 Hallelujah FC ilikwenda kucheza Kiremba, kaskazini. Desturi ilikuwa inajulikana: rais akipata mpira, mabeki wanampisha, na wakati mwingine wanamwachia afunge. Timu ya Kiremba ilikuwa na wachezaji waliotoka miongoni mwa wakimbizi wa Kongo wanaoishi eneo lile. Hao hawakumjua Nkurunziza kwa sura. Waliona mshambuliaji wa makamo anakuja na mpira, wakamkaba kama wanavyokaba mtu yeyote, na akaanguka zaidi ya mara moja.

Mwanzoni mwa Machi ikaripotiwa kwamba kiongozi wa tarafa ya Kiremba na msaidizi wake wamekamatwa. Tuhuma haikuwa ya mchezo mbaya wala ya kuleta wachezaji wasiosajiliwa. Ilikuwa ya kula njama dhidi ya rais.