Kirangozi hakimbizi watu

Jamani, wiki hii historia imenifuata hadi nyumbani. Mama yangu mdogo anaishi hapa Tabora, ana miaka 51. Enzi zake alikimbia mita 800 mashindano ya UMISSETA, halafu yakaja ndoa, watoto, kazi, na mwaka huu presha. Daktari kamruhusu kufanya mazoezi, ila pole pole. Kapata mwalimu wa michezo, mtu mpole kweli, akampa wiki tatu za kutembea, na dakika moja moja tu ya kukimbia katikati. Mama mdogo kanuna. "Mi nifundishwe kutembea?" Anataka kuacha, na namjua, akiacha safari hii harudi tena.

Nikamwambia, mama, mji huu umejengwa na watu waliojua kutembea kwa kufuata mwalimu.

Karne ya 19, kutoka Bagamoyo hadi hapa ni kama kilomita 850. Burton na Speke walitumia siku 134 mwaka 1857, Stanley siku 84 mwaka 1871. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kama kilo 30, na juu yake mkeka wake na sufuria yake. Si mchezo. Mwendo wote ulikuwa mikononi mwa kirangozi. Alitangulia na bendera, kavaa kitambaa chekundu, kichwani ngozi ya mbega na manyoya ya ndege, na mzigo wake mwepesi kuliko wa wengine. Sheria yenyewe ndiyo inanifurahisha: anayemtangulia kirangozi alichomolewa mshale podoni, jioni kambini akaukomboa kwa faini. Yaani mwenye nguvu zake alikatazwa kuzionyesha! Mwendo wa siku ya kwanza ulikuwa mfupi makusudi, ili mzigo uliofungwa vibaya na mguu unaouma vijulikane bado mko karibu na pwani. Waliondoka alfajiri, jua likipanda wameshapiga kambi. Watoto wa wapagazi walifuatana na wakubwa wakiwa na pembe ndogo za ndovu begani, wakizoea njia kidogo kidogo.

Tusijidanganye lakini. Njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa kwa minyororo, na ndui na njaa viliwaacha wengi porini. Sisemi msafara ulikuwa kambi ya michezo. Nasema watu wale walijua mwili unavyoandaliwa kwa safari ndefu.

Mama mdogo akanijibu kwamba hao walikuwa vijana. Haya, nikamtolea Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao, inakadiriwa alizaliwa miaka ya 1820, akatekwa utotoni, akauzwa hadi India, akapata uhuru bwana wake alipokufa, akarudi Zanzibar. Alipita Tabora na Burton na Speke, akarudi na Speke na Grant safari ya 1860 hadi 1863. Wengi wangesema basi, inatosha. Mwaka 1871 Stanley akamchukua awe mkuu wa askari wake, akimwona ni mtu wa kama miaka hamsini, mvi kichwani. Miaka miwili baadaye akatoka tena, na Cameron, wakapita hapa Unyanyembe na kuvuka bara zima kwa miguu hadi Benguela, Angola, Novemba 1875. Vitabu vya wazungu hao vimejaa malalamiko juu yake (ulevi, ugomvi, uvivu), ila cha ajabu kila mmoja alimtafuta. Mwaka 1876 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ikampa pensheni. Alifariki 1885.

"Bombay hakuwa na presha," akasema, ila nilimwona anacheka. Kesho yake alitoka saa kumi na mbili asubuhi, anatembea na mwalimu wake.

Nilichosahau kumwambia ni habari ya Burton mwenyewe. Aliondoka Tabora Desemba 1857 kuelekea Ujiji. Januari 1858 miguu ikamgomea kabisa, homa imemmaliza, ikabidi abebwe kwa machela kuelekea ziwani. Alikuwa na miaka 36. Bombay alikuwa kwenye msafara huo huo, anatembea.