Ulinzi wa kanda: nguvu zake, mianya yake, na kocha wa shule aanzie wapi

Simama kando ya uwanja wa shule yoyote kati ya Kibabii na Kitale msimu wa michezo ya shule za sekondari. Kila bao linapoingia utasikia ugomvi ule ule. Beki wa kushoto anasema, "Hakuwa wangu." Wa kati anajibu, "Wangu pia hakuwa." Kocha anashika kiuno, anatazama chini.

Wote wawili huenda wanasema kweli. Mfungaji alipita katikati yao, mahali ambapo kazi ya mmoja inaisha na ya mwingine inaanza. Huo ndio mwanya wa ulinzi wa kanda. Hakuna mchezo ulioufanyia kazi mwanya huo kwa kina kama futiboli ya Marekani, ule mchezo wa helmeti unaochezwa kwenye ligi ya NFL. Makala haya yanaeleza mfumo huo unavyofanya kazi, unapofaulu na unapovunjika, kisha yanarudi nyumbani kuona unatufaa vipi.

Kanda ni nini

Kuna njia mbili za kuzuia pasi. Ya kwanza ni mtu kwa mtu: kila beki anapewa mshambulizi wake na kumfuata popote aendapo. Ya pili ni ya kanda: kila beki anapewa sehemu ya uwanja, na yeyote anayeingia humo ni wake mpaka atoke.

Uwanja wa NFL una upana wa yadi 53 na kidogo, karibu mita 49. Kila upande una wachezaji 11. Timu inayoshambulia ina majaribio manne ya kusogea yadi 10; ikifaulu, inaanza kuhesabu upya. Kwa kawaida walinzi wanne hukimbilia kwotabeki, yule anayerusha mpira, na saba wanabaki kugawana uwanja.

Aina tatu kuu

Mifumo hii hupewa jina kwa idadi ya walinzi wanaokaa nyuma kabisa.

Kava mbili ina mabeki wawili nyuma, kila mmoja akilinda nusu ya uwanja. Watano wanagawana eneo la mbele yao. Pasi fupi za pembeni hupata shida sana hapa. Mwanya wake uko katikati nyuma, baina ya mabeki wawili, na pia kwenye mstari wa pembeni, nyuma ya beki wa pembeni na mbele ya beki wa nyuma.

Kava tatu inaweka watatu nyuma, kila mmoja na theluthi yake, na wanne mbele. Katikati panazibika. Lakini wanne hao wana eneo kubwa la kufunika, hivyo pasi fupi za pembeni huwa rahisi, na washambulizi wanne wakikimbia moja kwa moja kwenda nyuma, watatu hawatoshi.

Kava nne inagawa sehemu ya nyuma kwa robo. Ni vigumu kupigwa pasi ndefu ukiwa na mfumo huu. Bei yake ni kwamba wamebaki watatu tu wa kulinda mbele, na mpinzani mwenye subira ataokota yadi tano tano mpaka afike.

Nguvu zake

Ya kwanza ni macho. Anayemfuata mtu humtazama mtu. Anayelinda kanda hutazama mpira. Ndiyo maana timu za kanda hunasa pasi nyingi, na pia humdhibiti vyema kwotabeki mwenye miguu, kwa sababu walinzi hawajampa mgongo.

Ya pili ni kupunguza maafa. Katika mtu kwa mtu, beki mmoja akiteleza, mshambulizi wake yuko huru mpaka mwisho wa uwanja. Katika kanda, nyuma ya kosa kuna mtu mwingine. Pasi itapokewa, lakini mpokeaji ataangushwa hapo hapo.

Ya tatu ni kwamba inaficha upungufu wa mbio. Beki asiye na kasi lakini mwenye akili ya mchezo anaweza kulinda eneo vizuri kwa miaka, ilhali akiambiwa amfuate winga mwepesi ataumbuka dakika ya kwanza.

Udhaifu wake

Mshambulizi mwerevu hatafuti mtu wa kumshinda, anatafuta mpaka. Anasimama kwenye mstari unaotenganisha kanda mbili na kuwalazimisha walinzi wawili waulizane ni wa nani. Wakiulizana, wamechelewa.

Mbinu ya pili ni kujaza. Washambulizi watatu wanatumwa kwenye kanda yenye mlinzi mmoja au wawili. Hesabu haitoshi, na mmoja lazima abaki huru.

Mbinu ya tatu ni muda. Kanda hufanya kazi ikiwa mrusha mpira anasumbuliwa. Akipewa sekunde za kutulia na kuchagua, kila kanda ina tundu na atalipata. Kwa hiyo ubora wa ulinzi wa nyuma hutegemea sana wale wanne wa mbele, ambao hawahesabiki kama walinzi wa pasi.

Mbinu ya nne ni subira. Kanda inampa mpinzani kidogo kidogo kwa matumaini kwamba atakosea kabla ya kufika. Asipokosea, walinzi wanachoka, na miguu iliyochoka haifiki kwenye mpaka kwa wakati.

Fainali tatu za kujifunza

Januari 26, 2003, Tampa Bay Buccaneers walicheza fainali ya Super Bowl dhidi ya Oakland Raiders. Tampa walikuwa na kava mbili iliyorekebishwa na Tony Dungy na Monte Kiffin: lainibeka wa kati, badala ya kukaa mbele, alirudi nyuma kuziba ule mwanya wa katikati. Dungy alikuwa ameshaondoka, lakini Kiffin na mfumo walibaki. Walinasa pasi tano, tatu kati yake zikarudishwa hadi tachidauni, wakashinda 48–21. Mwanya ulijulikana, akateuliwa mtu wa kuuziba, na wanne wa mbele hawakumpa mrusha mpira nafasi ya kupumua.

Februari 2, 2014, Seattle Seahawks, waliosifika kwa kava tatu, waliwafunga Denver Broncos 43–8. Mwaka mmoja baadaye, Februari 1, 2015, walikuwa fainalini tena, mara hii na New England Patriots. Wakaingia robo ya mwisho wakiongoza kwa pointi 10. Tom Brady wa Patriots hakuhangaika na pasi ndefu. Alirusha fupi, tena fupi, akakamilisha pasi 37 siku hiyo, na Patriots wakashinda 28–24. Seattle walikuwa wameumia wachezaji wakati wa mechi, na hilo lisisahauliwe. Lakini somo linabaki: mfumo ule ule uliomzima bingwa mmoja ulimegwa polepole na mwingine aliyejua kungoja.

Mkenya aliyeingia ndani

Tumewahi kuwa na mtu wetu huko. Daniel Adongo, mchezaji wa raga kutoka Kenya aliyekuwa akicheza kulipwa Afrika Kusini, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 kama lainibeka, bila kuwahi kucheza futiboli ya Marekani. Desemba mwaka huo aliingia uwanjani katika NFL. Nafasi aliyoipata ilikuwa zaidi kwenye vikosi vya mikwaju, na mwaka 2015 klabu ikaachana naye.

Mwili, kasi na ujasiri wa kuangusha mtu alikuwa navyo. Lakini nafasi ya lainibeka inadai usome mchezo kabla haujaanza: nani amesimama wapi, kanda yangu inaanzia wapi, nani ananikabidhi nani. Wenzake walikuwa wakijifunza hayo tangu shuleni. Hilo halifundishwi kwa msimu mmoja.

Nalisema kwa sababu mlango mwingine umefunguka. Futiboli ya bendera, isiyo na kuangushana na yenye wachezaji watano kila upande, itachezwa katika Olimpiki ya Los Angeles 2028. Vijana wa raga wa Bungoma na Trans Nzoia wataambiwa wana vipaji, na ni kweli wanavyo. Waambiwe pia kwamba kipaji bila kusoma mchezo hakifiki mbali.

Kwetu: raga, vikapu na kona

Katika raga mpira haurushwi mbele, hivyo kanda ni suala la upana. Kwenye raga ya wachezaji saba, uwanja una upana wa karibu mita 70. Ukigawa kwa saba, kila mtu ana mita 10, na mara nyingi mmoja amerudi nyuma kungoja teke. Timu nzuri husogea pamoja kama uzi mmoja, zikimsukuma mpinzani kuelekea mstari wa pembeni. Mtu mmoja akitoka mbio peke yake kwenda kuangusha, uzi umekatika na winga amepita.

Katika vikapu, mpangilio wa wawili mbele na watatu nyuma huziba chini ya kikapu. Hata hivyo huacha pembe wazi kwa warushaji wa mbali, na mpira ukidunda kutoka kwenye ringi hakuna anayejua wa kumzuia nani. NBA yenyewe ilikataza kanda kwa miongo mingi, ikairuhusu kuanzia msimu wa 2001–02.

Katika soka, kona ndiyo mtihani. Anayelinda kanda husimama; anayeshambulia huja mbio. Mwenye mbio huruka juu zaidi. Ndiyo maana makocha wengi huchanganya: wengine wanalinda eneo la mbele ya lango, wawili watatu wanawazuia wapigaji vichwa hatari wasipate mbio.

Kocha aanzie wapi

Makocha wengi wa shule huchagua kanda kwa sababu inaonekana nyepesi: mweke mtoto mahali, mwambie asitoke. Michezo ya kaunti inabana mechi nyingi ndani ya siku chache, na kanda inaokoa miguu. Hoja hiyo ni nzuri. Lakini kijana wa kidato cha tatu anayetolewa mashindanoni kwa bao la "hakuwa wangu" amelipa gharama ya somo ambalo hakufundishwa.

Ushauri wangu ni huu. Anza na kanda, lakini zoezi la kwanza liwe la mipaka. Weka washambulizi wawili kwenye mpaka wa mabeki wawili, uwaache walinzi waamue kwa sauti. Chagueni maneno machache mafupi, yawe ya Kiswahili au Kibukusu, mradi timu nzima inayajua: "wangu", "chukua", "nyuma". Beki asiyesema neno atolewe zoezini hata kama ana mbio kuliko wote.

Pili, amueni mapema ni mwanya upi mnaukubali. Kila kanda inao. Tampa waliujua wao wakamkabidhi mtu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa usiojulikana haukabidhiwi mtu.

Tatu, msiache mtu kwa mtu moja kwa moja. Mpinzani akiwa na nyota mmoja anayewatesa, mpeni mlinzi wake, waliobaki wagawane eneo.

Kanda ni makubaliano ya watu kuhusu ardhi. Wabukusu na majirani zao wanajua vyema kwamba ugomvi wa shamba hutokea kwenye mpaka, wala si katikati ya mahindi. Uwanjani ni hivyo hivyo. Mkubaliane mpaka kabla ya filimbi.