Majina Juu ya Shaba ya Kilwa

Anayetafuta tofali lenye mhuri wa mfyatuaji Kilwa Kisiwani ataondoka mikono mitupu. Mji ule ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na waashi wake hawakuacha majina. Aliyejitaja ni mwenye mji. Katika jumba la Husuni Kubwa lilipatikana jiwe lililochongwa jina la al-Hasan bin Sulaiman, sultani aliyempokea msafiri Ibn Battuta mwaka 1331. Majina mengine tunayapata kwenye sarafu ndogo za shaba, zilizopigwa mhuri pande zote mbili.

Upande mmoja una maneno ya kumtegemea Mungu, wa pili jina la sultani, na pande hizo zimetiwa vina. Pwani hata pesa ilitungwa. Mwaka haumo. Ndiyo maana kusoma jina ni nusu tu ya kazi, kwa kuwa akina Hasan, Ali, Sulaiman na Daud wanarudi tena na tena katika Tarehe ya Kilwa, historia ya kale ya mji huo, ambayo Sultani Barghash wa Zanzibar alimpa John Kirk, konsuli wa Uingereza, nakala yake ya Kiarabu mwaka 1877.

Aliyesumbua wataalamu zaidi ni Ali bin al-Hasan. Tarehe inamhesabu mwanzilishi wa ukoo wa Kishirazi. Mwanaakiolojia Neville Chittick, baada ya kuichimba Kilwa miaka ya 1960, alimweka karibu na mwaka 1200. Halafu mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kule Pemba, ikafukuliwa akiba ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha na zenye majina ya watawala wa pwani, Ali bin al-Hasan akiwamo. Zilikuwa pamoja na dinari za dhahabu za ng'ambo, na dinari huandikwa mwaka: za mwisho ni za karne ya 11. Ali akarudishwa nyuma zaidi ya miaka mia.

Kinyume chake ni sarafu 5 za Kilwa alizookota mwanajeshi kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, Australia, mwaka 1944. Majina yanasomeka, lakini zilifikaje huko, na lini? Mchanga hauna tabaka la kushuhudia, na makisio yaliyoandikwa tangu hapo yamezidi ushahidi.

Basi mvua ikikufunulia kishaba cha kijani Kisiwani au kisiwa jirani cha Songo Mnara, usikisugue, usimuuzie mgeni. Kiache palepale, ukawaite watu wa Mambo ya Kale.