Mwanga na Usomaji wa Maandishi ya Antikythera

Mnamo 1901 wazamiaji wa Kigiriki waliopoa mabonge ya shaba yaliyoliwa na kutu kutoka katika merikebu iliyozama karibu na kisiwa cha Antikythera. Ndani yake mlikuwa na mtambo wa magurudumu ya meno uliokokotoa mienendo ya jua na mwezi, nao ulijaa maandishi ya Kigiriki yenye herufi ndogo mno. Mabishano ya wataalamu kuhusu kazi ya mtambo huo yalikuwa, kwa kiasi kikubwa, mabishano ya usomaji.

Katika 2005 Tom Malzbender na wenzake walipeleka Athens mbinu mpya ya upigaji picha. Kamera na kifaa havisogezwi. Taa ndizo huwashwa moja baada ya nyingine kutoka pembe mbalimbali. Kompyuta hukokotoa jinsi kila nukta inavyoakisi mwanga, kisha msomaji huuhamisha mwanga apendavyo, hata akaiondoa rangi ya kutu na kubakiza umbo la mchoro tu.

Kufikia 2006, kwa msaada pia wa eksirei zilizofichua herufi zilizofukiwa ndani, maandishi yaliyosomeka yalizidi maradufu. Eksirei ndizo zilizosifiwa zaidi, jambo lisilo la haki kabisa. Hata hivyo, picha haisomi. Palipo na herufi iliyokatika, mhakiki hulazimika kuamua kwa sarufi na kwa elimu ya falaki. Ila sasa mhakiki mwingine aweza kuwasha taa ileile na kumpinga.