Kumba-kumba: watu waliopima nguvu bila kifaa

Leo historia yetu ni ya velo. Msifikiri ni mambo ya mchezo, maana ni historia ya namna muji huu ulivyokula wakati hakuna aliyetazamia kwamba utakula.

Nianzie mbali kidogo. Mwezi wa Septemba 2025 mashindano ya dunia ya velo yalifanyika Afrika kwa mara ya kwanza, kule Kigali. Najua kwa wakaaji wa Kisangani jina la muji huo linaamsha mambo mengine, na mambo hayo nitayafikia. Wanaume walikimbia zaidi ya kilometa 260, vilima juu ya vilima, na mshindi akawa Tadej Pogačar wa Slovenia. Wakimbiaji wa kiwango hicho hufunga kwenye velo kifaa kidogo cha kupima nguvu. Mjerumani mmoja, injinia Ulrich Schoberer, ndiye aliyekianzisha katika miaka ya 1980. Ndani yake mna vipande vyembamba vinavyohisi namna chuma cha pedali kinavyojipinda kidogo mguu unapokikandamiza. Kifaa kinachukua ukali wa msukumo, kinauzidisha kwa mwendo wa mguu, halafu kinaonyesha namba moja: wati, kama zile zinazoandikwa kwenye balbu ya taa.

Namba hiyo inasaidia nini? Inamzuia mtu asidanganywe na mwili wake. Asubuhi miguu ni myepesi na kilima cha kwanza kinaonekana kidogo, basi mtu anakipanda mbio. Moyo unachelewa kulalamika, na maumivu yanakuja nyuma zaidi. Akifika kilima cha kumi, sukari iliyowekwa katika misuli imekwisha, na haiwezi kurudi kwa dakika chache. Kifaa kinamwambia kwenye kilima cha kwanza kile ambacho mwili ungemwambia kwenye cha kumi.

Sasa turudi nyumbani. Vijana wa leo wanajua pikipiki tu, lakini waliozaliwa kabla ya 1990 wanakumbuka toleka. Neno hilo ni la Lingala, maana yake tupite. Baada ya uporaji wa 1991 na 1993, mabasi na magari yalipungua sana, na velo yenye kiti laini nyuma ikawa teksi ya Kisangani. Toleka alifanya kazi ndani ya muji, Makiso hadi Mangobo, Kabondo hadi Tshopo. Mwenzake wa safari ndefu aliitwa kumba-kumba, kutoka neno la Lingala la kubeba. Yeye alikwenda mbali: njia ya Buta, njia ya Bafwasende, njia ya Ubundu, na vijiji vyote vya katikati.

Mwezi wa Agosti 1998 vita ya pili ilianza na Kisangani ikaanguka mikononi mwa RCD. Kinshasa ikabaki upande mwingine. Mto wetu, ambao meli zilikuwa zinaupanda kilometa 1,734 kutoka Kinshasa, ukafungwa kwa biashara. Muji mkubwa uliozoea kulishwa na meli ukabaki na ndege chache za bei kali na barabara zilizomezwa na msitu. Halafu majeshi ya Rwanda na Uganda yakapigana humu humu mjini: Agosti 1999, Mei 2000, na ile vita ya siku sita, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Maelfu ya mabomu yalianguka juu ya nyumba za watu. Mamia ya raia walikufa.

Katika miaka hiyo mchele, mihogo, mafuta ya mawese na nyama ya msitu viliingia Kisangani kwa kiasi kikubwa juu ya velo. Na kutoka mjini, velo hizo hizo zilirudi vijijini na chumvi, sabuni, nguo na dawa. Zilikuwa velo nzito za chuma, bila vitesi. Mtu hakuipanda, aliisukuma. Fimbo moja ilifungwa kwenye usukani ili kuuongoza, nyingine nyuma ya kiti ili kusukumia, na nyingine ya kuegemeza velo wakati wa kupumzika. Velo yenye mzigo wa kilo 100 na zaidi ikianguka, mtu mmoja hawezi kuiinua peke yake.

Mtu wa Kivu atasema kwetu hakuna milima. Ni kweli, lakini kuna mito na vijito vingi. Kila kijito barabara inashuka, unavuka daraja la magogo, kisha unapanda upande wa pili. Kutoka hapa hadi Banalia ni karibu kilometa 130, na mteremko unarudi tena na tena, kwenye udongo wenye mchanga au matope. Hakuna kilima kinachotisha. Ila vikijumlishwa, mtu amepanda mlima bila kuuona.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mtu ana kilo 60, velo kilo 20, mzigo kilo 120. Jumla kilo 200. Akipanda mteremko wa meta 10 kwenda juu kwa dakika moja, anatoa karibu wati 330. Akipanda kwa dakika mbili, ni wati 165. Akichukua dakika nne, ni karibu wati 80. Bado sijahesabu matope. Wataalamu wa kazi za mwili wanasema mtu mzima mwenye afya anaweza kutoa karibu wati 75 kwa masaa manane, siku nzima ya kazi. Kwa hiyo mwenye kupanda kwa dakika nne anaweza kurudia kwenye kijito kinachofuata, na kingine, hadi jioni. Aliyepanda kwa dakika moja amefanya kazi ile ile, juu ya kilima kile kile, lakini atakuwa amekaa kando ya njia kabla ya saa sita.

Kumba-kumba hawakujua neno wati. Lakini tazama namna walivyofanya. Waliondoka alfajiri, kabla ya jua, na mchana mkali walitafuta kivuli. Sababu iko: robo tu ya chakula tunachokula inageuka kuwa kazi ya misuli, na sehemu inayobaki inakuwa joto. Katika hewa yetu nzito ya msitu jasho halikauki upesi, na joto hilo halina pa kwenda. Nguvu ile ile inagharimu zaidi saa saba mchana kuliko saa kumi na mbili asubuhi. Walitembea kwa makundi, wakasaidiana kwenye mteremko mkali, wawili kwa velo moja. Walizungumza wakisukuma. Mazungumzo yalikuwa kipimo: mtu akikosa pumzi ya kumalizia sentensi, wenzake wanajua anakwenda mbio kuliko uwezo wake. Na kwenye mteremko wa kushuka hawakuukimbiza mzigo. Hapo ndipo velo inapomvunja mtu.

Wahenga wanasema polepole ndiyo mwendo, na sisi tunarudia bila kufikiri. Methali haikutuambia polepole kiasi gani. Kumba-kumba walijua kiasi. Walikijifunza kwa gharama, kwa sababu aliyekosea hesabu aliacha mzigo njiani, na mzigo ule mara nyingi ulikuwa mkopo.

Sitaki kuwapamba. Kazi ile ilikuwa ya mateso. Wengi walikuwa baba wa jamaa, wengine wanafunzi walioacha masomo. Njiani kulikuwa na vizuizi vya watu wenye bunduki, na kila kizuizi kilikula sehemu ya mzigo. Mtu anaweza kupima nguvu zake vizuri, lakini hawezi kuipima tamaa ya askari. Wengine walirudi na migongo iliyoharibika, na leo ni wazee kabla ya umri wao.

Mwaka 2003 serikali ya mpito ilianza, meli zikaanza kurudi, halafu pikipiki zikaingia na kuchukua nafasi ya toleka mjini. Kumba-kumba walipungua, ila hawakuisha kabisa. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Haki ya Kimataifa iliamua kwamba Uganda ilipe Kongo dola milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu, milioni 40 kwa mali, na milioni 60 kwa utajiri wa asili. Ni haki kwamba waliokufa, waliojeruhiwa na waliopoteza nyumba wahesabiwe. Lakini soma orodha ile upya: hakuna mstari wa jasho la wale waliotembea mamia ya kilometa ili muji usife njaa. Jasho hilo hatuna pa kuliandika ila katika kumbukumbu zetu wenyewe, na ndiyo maana nimeandika leo.

Nimeandika kwa sababu nyingine pia. Tangu ugomvi wa 2023 kati ya Wambole na Walengola, jamaa nyingi zilikimbia Lubunga na njia ya Ubundu, na wengine walikuja na velo kama mali pekee iliyobaki. Velo hiyo sasa inabeba maji, makaa na mihogo ili watoto wale. Nawaona vijana wakipanda kutoka bandarini kwa nguvu zote, mshipa wa shingo umesimama, wakishindana nani atafika kwanza. Hakuna anayewalipa kwa kufika kwanza. Wanalipwa kwa safari, na safari ya nne ndiyo inayonunua chakula cha jioni.

Kwa hiyo, kijana, huna haja ya kifaa cha Mjerumani. Gawanya mzigo ukiweza. Anza kilima cha kwanza kana kwamba umechoka tayari. Kama huwezi kuongea, punguza mwendo. Kunywa maji kabla ya kiu. Na ukimwona mzee Mangobo au Kabondo anayetembea ameinama, na velo ya chuma iko bado ukutani kwake, kaa naye umuulize alipandaje mteremko wa Banalia. Atakuonyesha kwa mkono wake pale walipokuwa wanasimama.